Nimelipwa boga la kilo 14, naanzaje kulikata?

FundiKioo_Uyole · Jumamosi, saa 1 jioni

Wakuu habari za jioni. Naomba muongozo, na msicheke kabla hamjafika mwisho.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda hapa Uyole karibu na njia panda ya Tukuyu. Juzi alikuja mzee mmoja wa Inyala, simu yake kaikalia kwenye pikipiki, kioo chote kimekuwa kama utando wa buibui. Tukakubaliana 35,000. Alipoifuata akanihesabia 25,000 akaniambia ngoja. Akatoka, akarudi amekumbatia boga kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akalitua kwenye meza yangu ya kazi, bisibisi zikaruka.

"Hii ndiyo ile elfu kumi," akasema. Sijajibu akaendelea: "Na thamani yake imepita elfu kumi. Kwa hiyo chenji yangu utanipa mbegu. Alhamisi nikija mjini nikute umeniwekea."

Huyo akaondoka. Mzee mwenye nywele nyeupe, utabishana naye nini?

Nikalipeleka kwa jirani anayenunua mahindi tukalipima: kilo 14 na ushee. Ni la kijivu, kama bati lililopigwa jua miaka mingi. Lina mabonde kuanzia juu mpaka kwenye kitako, na kikonyo chake ni kinene, kikavu, kinafanana na gunzi. Ukiligonga linalia kama mlango.

Sasa shida yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, huku nina mwaka wa pili. Boga nalijua likiwa kwenye sahani: limetokoswa, limelala kwenye tui zito, iliki inanukia, tunasubiri adhana ya magharibi. Kabla ya hapo linapitia nini sikuwahi kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kutumwa nazi dukani.

Mwezi wa nne nilijaribu kwa mara ya kwanza. Nilinunua boga dogo la kijani, nikalimenya likiwa bichi kwa kisu cha vitunguu. Kidole gumba nilikifunga bendeji wiki nzima, na fundi simu asiye na kidole gumba ni mlinzi wa kibanda tu. Nikalikatakata, nikajaza maji mpaka juu kama ninavyochemsha mihogo. Yakatoka maji ya njano yenye nyuzi. Nikasema nazi italiokoa. Nazi niliyoipata, sijui ilisafiri wiki ngapi kupanda huku milimani, ilikuwa na harufu ya sabuni. Watoto wa mama mwenye nyumba nikawapa, wakala kwa adabu kijiko kimoja kimoja, wakaaga. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Mimi hata ua sijafika, nimekwama kwenye ganda.

Nilicho nacho: mtungi wa gesi wa kilo 6, jiko la mkaa moja, sufuria ya lita 5, na panga la kuazima. Friji sina, ingawa kwa baridi hii chumba chenyewe ni friji.

Kwa hiyo: nalikataje bila kupoteza kidole kingine? Nalipikaje lisiwe maji? Nikilifungua, mtu mmoja atalimalizaje? Na mbegu za mzee nazifanyaje mpaka Alhamisi? Hili la mwisho ndilo linaninyima usingizi, maana hilo ni deni.

---

Mwanjelwa_Damu · saa 1:20

Mkuu umelipwa kigoda bila kujua. Kalia, hudumia wateja.

Utani pembeni: lipeleke kwa akina mama wa genge wanaouza vipande, wana mapanga na mikono yao imeshazoea. Wape kipande kimoja cha asante. Ila kuwa makini, mzee kama alilipanda karibu na matango au vibuyu hilo litakuwa chungu. Yanazaana hayo.

---

MamaWaKilolo · saa 2 usiku

Kamwene mwanangu. Pole kwa kidole.

Hilo la mwezi wa nne usijilaumu peke yako. Mwezi wa nne huku kwetu mahindi bado yamesimama shambani, na mengi ya maboga yanayofika sokoni yamechumwa machanga, mtu anataka hela ya haraka. Siku nyingine kabla hujanunua bonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha ukizama, hilo ni la mboga, likaange na kitunguu siku hiyohiyo wala usilidai utamu. Ukucha ukiteleza kama kwenye sahani ya udongo, limekomaa. Hilo la mzee kwa ulivyolieleza, kikonyo kama gunzi, mlio kama mlango, ni boga la kweli. Mzee hakukupunja.

Kwanza lioshe ukiwa bado hujaligusa na panga, lina vumbi la shambani kwenye mabonde. Likaushe vizuri, boga lenye maji linateleza.

Halafu usilikatie mezani! Meza inacheza, boga linacheza, panga linakuja kwako. Kaa chini sakafuni. Chukua taulo kuukuu, lisokote ngata kama ile ya kubebea ndoo kichwani, uweke boga juu yake, kikonyo kitazame juu. Hapo limekaa, haliendi popote. Mikono ipake mafuta ya kupikia kidogo, maana maji ya boga bichi yakikukaukia yanakaza ngozi kama gundi, na wewe kazi yako ni ya vidole.

Usianzie kwenye kikonyo, pale ni mti mtupu. Sogea vidole vitatu pembeni, tafuta bonde, simamisha ncha ya panga hapo. Sasa sikiliza vizuri. Huli*sukumi*. Nguvu za mkono ndizo zinazokata watu. Unashika mpini kwa mkono mmoja, mkono wa pili una mchi, unagonga mgongo wa panga, ta, ta, ta, polepole. Mwanzo mlio utakuwa mkavu. Ukifika mahali ukasikia mlio umekuwa mzito, kama umegonga gunia, ujue ncha imetokea ndani kwenye utumbo. Chomoa, sogea chini kidogo, gonga tena. Fuata bonde hilohilo mpaka kwenye kitako, kisha ligeuze uje upande wa pili. Likibaki kidogo liachie panga humo, lipindue kama unayefungua mlango. Litachanika lenyewe na kutoa mlio wa kitambaa.

Wengine wanalifunga kwenye kiroba na kulibwaga kwenye sakafu ya saruji. Linapasuka, ni kweli, lakini linapasuka linavyotaka lenyewe, na mbegu za watu unazikuta zimevunjika. Wewe una deni, usibwage.

Usimenye bichi. Kata vipande vya kiganja cha mkono, ganda lake libaki. Panga kwenye sufuria safu ya chini ganda likae chini, safu zinazofuata egemeza tu ili mvuke upite. Maji vikombe viwili vya chai, basi! Chumvi ya kubana vidole viwili. Juu weka jani la mgomba, kifuniko, na jiwe. Nikisikia umefunika na nailoni ya sokoni nakuja Uyole na fimbo yangu. Naona vijana mnafanya hivyo kwenye viazi na ndizi, nailoni inalegea kwa moto na kushuka kwenye chakula, halafu mnasema tumbo.

Likiiva, choma kwa kijiti cha kiberiti upande usio na baruti. Kikizama bila ubishi, epua. Maji yaliyobaki chini yakinge kwenye kikombe unywe, ni matamu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanakimbilia sahani, rudisha sufuria motoni ikiwa wazi, moto mdogo, dakika tano. Unyevu uondoke. Unga wa boga unatokea hapo. Ukiruka hatua hiyo utarudi hapa kulalamika maji.

La mtu mmoja kulimaliza, hutalimaliza. Boga la hivyo si la mtu mmoja. Hesabu milango ya hapo uani kwenu, kila mlango kipande.

---

FundiKioo_Uyole · saa 2:35

Shikamoo mama. Nimeandika kila kitu kwenye daftari la wateja. Milango ni saba.

Mwanjelwa umenitia hofu na hayo matango. Kuna anayejua?

---

BintiWaKyela · saa 3 usiku

Kaka, nazi iache hukohuko Tanga. Umeshaona ilivyokufanya. Huku tunalipika kwa karanga na hutakumbuka tui.

Lipike kama mama alivyokuelekeza. Likiiva kwangua nyama kwa kijiko, ganda linabaki jepesi kama karatasi. Karanga glasi moja zikaange kidogo tu, zisibadilike rangi sana, pepeta maganda, twanga kwenye kinu mpaka ziwe unga ulioanza kushikana. Boga liponde kwa mwiko, si lazima lilainike lote, mabonge machache ni raha. Mimina unga wa karanga, maji ya moto nusu kikombe, chumvi, rudisha kwenye moto wa chini kabisa na usiondoke. Karanga inashika chini haraka, na ikishika harufu ya kuungua inapanda sufuria nzima. Koroga dakika kumi mpaka uone mafuta ya karanga yanatoka pembeni. Hapo epua. Kula na chai ya rangi asubuhi, au kula hivyohivyo usiku. Ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wamalawi, wanaita futali, na wanafanya hivyo hata kwa viazi vitamu.

Sukari usiweke. Boga lililokomaa linajitosheleza. Na karanga si ya utamu tu: ile rangi ya chungwa ndani ya boga, mwili unaigeuza vitamini A, lakini inahitaji mafuta ndiyo ipokelewe vizuri. Kliniki ya watoto wanatuambia hivyo kila tukienda.

---

MwalimuMstaafu_Makambako · saa 3:40

Habari zenu. Nilifundisha sayansi ya kilimo kabla ya kustaafu, sasa nafundisha kuku. Nianze na hofu ya matango.

Boga halizaani na tango, wala tikiti, wala kibuyu. Ni jamaa za mbali, kama binamu wasioruhusiwa kuoana. Boga linapokea chavua ya boga mwenzake wa aina yake tu, na mchukuzi ni nyuki. Na hata likipokea chavua ya boga lingine la aina hiyo lenye sura tofauti, tunda unalolishika halibadiliki ladha kwa sababu hiyo. Mabadiliko yamo kwenye mbegu. Utayaona msimu ujao, umepanda la kijivu likatoka la njano lenye madoa. Mzee wa Inyala akikuta hivyo asikulaumu wewe, alaumu maboga ya jirani yake.

Lakini uchungu upo, na si wa kufanyia mzaha. Boga linaweza kurithi uchungu likitokana na mbegu iliyochanganyika na maboga ya porini au yale ya mapambo. Sumu iliyomo ndani inatapisha na kuharisha vibaya, na haiishi kwa kuchemsha. Kwa hiyo ukishalifungua kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kiguse kwenye ulimi kikiwa kibichi. Boga la kawaida lina ladha kama ya tango au karoti. Likiwa chungu kama shubiri tema, lizike lote, na mbegu zake usimpe mtu.

Jambo la pili. Fundi, wewe umetoka usawa wa bahari. Uyole iko zaidi ya mita 1,700 juu. Maji ya Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100, ya hapo kwako yanachemka kama kwenye 94. Chakula kinaiva kwa joto, hakiivi kwa mapovu. Ndiyo maana maharage ya huku yanamaliza mkaa wako. Boga ambalo mama yako Tanga angeliepua kwa dakika 25, wewe lipe 35 au 40.

La tatu, wala usiharakishe kulikata kama si deni la mbegu. Boga la kijivu likivunwa limekomaa lina wanga mwingi. Likikaa mwezi au zaidi, wanga unageuka sukari. Sisi tunayala ya mwezi wa tano mpaka karibu na mwezi wa tisa. Sharti: kikonyo kisivunjike (wasiojua wanalibeba kwa kikonyo, likitoka tu mlango wa kuoza umefunguka), likae juu ya mbao au mabua makavu badala ya saruji, hewa ipite, na yasigusane. Baridi kiasi linaipenda, nyuzi 10 mpaka 15. Chini ya hapo linaumia, na usiku wa Juni na Julai huku Makambako na Njombe unashuka zaidi ya hapo, kwa hiyo tunayaingiza ndani. Hicho chumba chako unachokiita friji kilikuwa kinalifaa kabisa.

Mbegu: zitoe kwa mkono, zioshe mpaka ute uishe, zitandaze kwenye ungo kivulini, ugeuze kila siku. Usitandaze kwenye gazeti, zitagandia na mzee atasoma habari kwenye mbegu zake. Wiki mbili hivi ndizo zinakauka. Ukikunja mbegu ikavunjika, tayari. Ikipinda, bado.

---

FundiKioo_Uyole · saa 4:05

Mwalimu shikamoo. Wiki mbili sina, mzee anakuja Alhamisi. Nina blowa ya hewa ya moto ya kuyeyushia risasi ya kulehemu simu, naweza kuishusha mpaka nyuzi 100. Nikizipulizia taratibu?

---

MwalimuMstaafu_Makambako · saa 4:10

Hapana! Mbegu ni kiumbe hai. Ukiipitisha nyuzi 40 na kitu ikiwa bado na unyevu ndani unaua kijusi chake. Utampa mzee maiti 300 zenye sura nzuri, atazipanda Novemba, atasubiri. Mpe zikiwa hazijakauka, mwambie amalizie nyumbani. Mzee wa Inyala anajua kukausha mbegu kuliko wewe na mimi.

---

Mwanjelwa_Damu · saa 4:15

Blowa 😂😂. Wakuu huyu jamaa msimwachie simu zenu.

Nimekubali somo la matango, mwalimu. Nyumbani tuliambiwa hivyo tangu utotoni.

---

Seremala_Mafinga · Jumapili, saa 12 asubuhi

Mkaa usikusumbue, mafundi wenzangu wa mbao tuna jiko la maranda. Unachukua ndoo ya bati kuukuu, unatoboa tundu chini pembeni, unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda makavu kuizunguka, halafu unachomoa chupa. Unawasha kwa kijiti kupitia tundu la chini. Moto wake ni mdogo, hauna haraka, unaenda masaa. Wakati wa kuwaka una moshi, kwa hiyo liwe nje. Mimi vipande vya boga naviweka kwenye sufuria kavu, bila tone la maji, kifuniko chenye makaa machache juu, naenda kuranda mbao. Nikirudi kingo zimekuwa kahawia na zinanata. Ukilionja, lile la kuchemsha utawaachia wagonjwa.

Kama una ujasiri lipo la kulizika zima kwenye majivu ya moto, ila lile dogo, na ulitoboe matundu kwanza. Mdogo wangu hakutoboa. Tulilikwangua ukutani.

---

FundiKioo_Uyole · Alhamisi, saa 2 usiku

Wakuu nimerudi na ripoti. Vidole vyote kumi vipo.

Jumapili baada ya adhuhuri nilikaa chini uani, ngata ya taulo, mikono mafuta, mchi wa mama mwenye nyumba. Watoto wakazunguka kama kuna mchezo. Pigo la kwanza panga liliteleza, likachora mstari mweupe kwenye ganda, ngumu kama kigae. Nikakumbuka bonde. Nikaisimamisha ncha kwenye bonde, ta, ta, ta. Mama wa Kilolo, ule mlio wa gunia nimeusikia. Nilidhani ulikuwa maneno tu ya kunogesha. Unasikia mkavu, mkavu, mkavu, halafu ghafla mzito, na harufu inatoka kwenye ufa, ya tikiti na udongo wa mvua. Ilinichukua kama robo saa kulizunguka. Likafunguka, mtoto mmoja akasema "loh, jua!" Ndani lilikuwa la chungwa iliyokolea, nene upana wa vidole vinne, na mbegu zimelala kwenye nyuzi zake kama zilizopangwa.

Nikagusa ulimi. Karoti. Nikamshukuru Mungu.

Sufuria yangu ilibeba robo tu. Robo mbili nilizigawa mbichi kwenye milango, na mama mwenye nyumba akachukua robo nzima kwa sababu mchi ni wake. La kwangu nililipa dakika 40, jani la mgomba nililiomba kwa jirani, jiwe nilitumia betri kuukuu ya pikipiki (niliifunga kwenye kitambaa, msinianze). Nikatoa maji, nikarudisha dakika tano wazi. Lilitoka kavu, linameguka kama kiazi kitamu chekundu. Nusu nikalila hivyohivyo nimesimama.

Nusu ya pili nilifanya ya karanga. Dada wa Kyela, niliondoka mara moja tu kumpokea mteja simu. Mara moja! Chini ikashika. Nilikwangua sehemu ya juu, na ilikuwa tamu, ila ina harufu ya moshi kwa mbali na mimi nikajisemea ndivyo ilivyokusudiwa. Wale watoto wa mwezi wa nne walirudi kuomba tena. Walikuja na vijiko vyao.

Nazi sijaiacha moyoni. Ila nimekubali kwamba huku si mahali pake.

Sasa mbegu. Niliziosha maji manne, zikatoka 287, nikazitandaza kwenye ungo chini ya meza ya kazi mbali na blowa. Leo saa nne mzee akafika. Hakusalimia simu, aliuliza ungo. Akachuchumaa, akachota mkono mmoja, akazipepesa kwenye kiganja kama mtu anayehesabu sarafu. Nikamwambia, mzee shikamoo, bado hazijakauka. Akasema marahaba, naona. Akachukua moja akaing'ata, akatema. Akaanza kuchambua hapo chini kwa dakika kama ishirini, wateja wanamruka. Zilizovimba kulia, zile bapa kushoto. Za kulia akazifunga kwenye leso. Za kushoto, kama themanini hivi, akanisogezea: "Hizi kaanga na chumvi, ndani hakuna kitu cha kuota lakini kutafuna zinatafunika."

Kisha akafungua leso tena, akatoa sita zilizonona, akaziweka kwenye kopo langu la skrubu. Akauliza nyuma ya kibanda kuna nini. Nikamwambia kuna kiwanja kidogo, hatua tano kwa nane, kimejaa majani na ni cha mwenye kibanda. Akaenda kukiangalia, akapiga udongo teke, akarudi akasema "mbolea ya ng'ombe," akawasha pikipiki.

Mwalimu, mbegu sita, hatua tano kwa nane. Shimo na shimo niache nafasi gani?

---

MwalimuMstaafu_Makambako · saa 2:30

Mashimo mawili tu hapo, mita mbili na nusu mpaka tatu kati yake. Boga la kijivu linatambaa, litaingia kibandani kwako likutafute. Mbegu tatu kila shimo, zikiota acha mche ulio na nguvu. Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa shimo. Usipande sasa, subiri mvua za Novemba zishike.

Na zitoe kwenye kopo la skrubu. Funga kwenye karatasi.

---

MamaWaKilolo · saa 2:45

Zikishaota muombe mwenye kiwanja ruhusa ya majani. Majani machanga ya ncha, unavuta zile nyuzi za kwenye bua, unayapika kwa karanga hizohizo. Ila usichume kila siku kwenye mche mmoja, utakosa boga.

Na hiyo betri ya pikipiki juu ya chakula nimeiona, mwanangu. Nimenyamaza tu.